Kadi Niliyoipiga Muhuri Bila Kuuliza

Shule niliiachia darasa la tano, na kompyuta nimezigusa tu kwa kitambaa cha kupangusa vumbi. Hata hivyo, kwa miaka mingi, katika ofisi moja ya ghorofani mjini Embu, hakuna kijana aliyeruhusiwa kuchukua kipande cha programu kutoka maktabani bila kupita mezani kwangu. Nawaandikia ninyi mnaofanya kazi hiyo sasa. Sitawabembeleza. Wengi wenu mnaifanya vibaya. Mimi pia niliifanya vibaya mara moja, na hiyo mara moja ilitosha kuozesha chumba kizima cha mbegu za viazi kule Kibirichia.

Wasiojua niwaeleze. Programu haiandikwi yote upya kila mara. Kuna kazi zinazojirudia: kupanga majina, kutafuta tarehe, kupata wastani. Mtu akishaandika kipande kinachofanya kazi hiyo vizuri, kinawekwa maktabani, na mwingine akikihitaji anakichukua. Ofisi yetu iliandikia vyama vya wakulima wa maziwa, wa kahawa, wa viazi, na vipande vilikuwa vingi kuliko magugu katika shamba la mvivu. Shida ilikuwa kukipata unachokitaka. Utakitafuta kwa jina? Jina kilipewa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda chakula cha mchana.

Mimi niliajiriwa kupika chai. Kopo la sukari lilikuwa chini yangu, na sikumpimia mtu sukari kabla hajaniambia ni ya vikombe vingapi, vya nani, na kijiko changu kinarudi lini. Vijana waliniita Askari. Mwenye ofisi alikuwa Mwalimu Ireri, mzee aliyefundisha hesabu kabla ya kuingia mambo ya kompyuta. Siku moja alisimama mlangoni mwa jikoni akisikiliza nikimhoji kijana mmoja, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Ruguru," akasema, "acha hiyo sufuria. Kuanzia kesho utatunza maktaba yangu."

"Mwalimu, mimi kompyuta siijui."

"Ndiyo maana. Hawa wanaoijua, wakikuta pengo wanalijaza kichwani mwao. Wewe ukikuta pengo unauliza."

Hivyo ndivyo nilivyoacha chai.

Kila kipande kilikuwa na kadi yake ngumu. Jina liliandikwa nyuma, kwa penseli, makusudi, ili mtu asilisome kwanza. Mbele, sehemu ya juu, palikuwa na sharti: ni lazima ukiletee nini. Sehemu ya chini palikuwa na ahadi: kitakurudishia nini. Havikuandikwa kwa maneno ya kuzungukazunguka, viliandikwa kwa alama za hesabu. Mwalimu alinifundisha alama hizo kwa maharagwe, akiyamwaga mezani. A iliyosimama kwa kichwa maana yake ni kila moja. Kila haragwe ni jekundu. Ukikuta jeupe moja tu, umedanganya. E iliyotazama nyuma maana yake ni kuna angalau moja. Kisha akayafagia maharagwe yote kwa mkono wake, meza ikabaki tupu.

"Sasa, Mama Ruguru. Kila haragwe lililo mezani ni jekundu. Kweli au uongo?"

"Hakuna haragwe, Mwalimu."

"Nimekuuliza kweli au uongo."

Nilikaa na swali hilo wiki nzima, nikilima nalo, nikienda nalo kanisani. Jibu ni kweli, kwa sababu hutapata hata moja la kunikanusha. Lakini ukisema kuna angalau haragwe moja, hapo ni uongo, maana meza ni tupu. Kaeni na hiyo meza tupu vichwani mwenu. Nitairudia.

Maneno ya kadi yalikuwa pia ndani ya kompyuta. Mwenye shida aliandika ombi lake kwa alama zile zile: nitaleta hiki, nataka hiki. Kompyuta ilipitia kadi moja moja, ikijaribu kuthibitisha kwamba kipande hiki kinamtosha, kama mwanafunzi anavyothibitisha hesabu ubaoni. Mara nyingine ilisema ndiyo. Mara nyingine ilisema hapana. Mara nyingine ilihangaika mpaka muda ukaisha, ikanyamaza. Iliponyamaza ndipo kazi yangu ilipoanza. Nilimwita mwenye ombi, nikamsimamisha mbele ya meza, nikamwuliza mpaka pengo likajaa. Kisha nikapiga muhuri, au nikamrudisha na karatasi yake.

Mwanzoni nilikataa hata vipande vinavyofaa. Kijana mmoja alitaka kipande cha kumtolea mwezi mmoja wa mwaka, na kadi iliahidi miezi yote kumi na miwili. Nikamwambia haifanani na ombi lako, nenda. Wakakaa wiki tatu wakiandika upya kitu tulichokuwa nacho. Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Ukimtuma mtoto sufuria ya chakula cha watu wanne, akuletee ya watu kumi, utamrudisha?" Basi nikaelewa. Kipande kipokee yote utakayokiletea, hata kikiweza kupokea zaidi. Kikupe yote unayotaka, hata kikikupa zaidi. Kisipungue tu, juu wala chini. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na inatosha.

Nyaga ndiye aliyekuwa akinikimbia. Alikuwa kijana mcheshi, mwepesi wa mikono, mzito wa kufuata utaratibu. Aliandika orodha ya maboma ya Ruiri ambako daktari wa mifugo angepita kuchanja ng'ombe, na nyuma ya mgongo wangu akachukua kipande kilichoitwa Safisha Orodha. Jina tamu. Sharti la kipande hicho lilisema kwamba hakuna watu wawili wenye jina moja. Labda huko kilikoandikiwa ndivyo watu walivyo. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, na binamu yake pia, na binamu wa binamu. Kipande kilipowakuta kina Kinoti wa Ruiri kilidhani ni mtu mmoja aliyeandikwa mara nyingi, kikambakisha mmoja. Daktari akachanja ng'ombe wa Kinoti huyo, akawapita wengine kwenye malango yao.

Mzee mmoja alipiga simu ofisini, nikapokea mimi.

"Mama, huyo kompyuta wenu ni wa ukoo gani?"

"Kwa nini, mzee?"

"Nataka kujua mahali alipozaliwa. Anamjua Kinoti mmoja tu!"

Nikamwita Nyaga.

"Lakini Mama, jina lilisema safisha," akajitetea.

"Na kweli umetusafisha. Nenda Ruiri ukamwambie kila Kinoti hivyo, mmoja mmoja."

Alikwenda. Daktari alirudi nyuma yake na sindano, na hakuna ng'ombe aliyekufa, kwa rehema za Mungu wala si kwa akili zetu. Tuliicheka habari hiyo miaka mingi. Naiandika kwa sababu ndiyo ya mwisho ya kuchekesha.

Binti yangu Ruguru aliolewa Kibirichia, kwa watu wa viazi. Mume wake anaitwa Kirimi. Jina hilo naliandika leo kwa mara ya kwanza, kwa mdomo sijawahi kulitamka. Namwita Baba Makena, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Vijana wa siku hizi mnakula na wakwe zenu meza moja mkichezeana simu. Sisi tulilelewa kwamba mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawabishani, hawaketi wakahojiana. Muthoni, yaani mkwe, ni mtu wa heshima. Nikipanda ngazi, yeye alingoja chini mpaka nifike juu. Nasema ngazi kwa sababu Mungu alipanga Baba Makena asomee mambo ya programu, na Mwalimu Ireri akamwajiri katika ofisi ile ile yangu. Kwa muda hakukuwa na tatizo. Maombi yake yote kompyuta iliyajibu ndiyo au hapana, nami sikuwa na la kumwuliza.

Kisha kikundi cha wakulima wa Kibirichia kikajenga chumba cha baridi cha mbegu. Kiazi cha Shangi hakikawii kuchipua. Ukikivuna leo, ukigeuka kina macho. Wanataka kukilaza mahali pa baridi mpaka mvua ije. Ofisi yetu ndiyo iliyoandika programu ya kuendesha chumba hicho, na kazi ikapewa Baba Makena kwa sababu ni mtu wa huko. Vipimajoto vinasoma joto, programu inatafuta wastani, ikiona joto limepanda inawasha mtambo, ikiona baridi imezidi inauzima ili mbegu zisigande. Nusu ya kreti za kwanza zilikuwa za wanawake wa kikundi cha Ruguru. Kreti za Ruguru mwenyewe zilikuwa mbegu yake yote ya msimu huo.

Baba Makena aliomba kipande cha wastani. Kadi yake naijua kama Baba Yetu. Unakiletea orodha ya vipimo. Sharti: E iliyotazama nyuma, yaani kuna angalau kipimo kimoja. Ahadi: kinakurudishia wastani wake. Usipotimiza sharti, hakikuahidi chochote. Na ombi la Baba Makena halikusema kama orodha yake inaweza kuwa tupu. Kompyuta ikahangaika, ikanyamaza.

Lilikuwa swali dogo. Kipimo kikikosa kabisa, itakuwaje? Angekuwa Nyaga ningemsimamisha hapo mpaka miguu imuume. Lakini nitamsimamishaje muthoni wangu mbele ya meza, vijana wakitazama, nimhoji kama mtoto aliyekula sukari? Mwalimu Ireri angemwuliza kwa niaba yangu, ila wakati huo alikuwa mgonjwa, amelala nyumbani. Nikamtuma Nyaga.

"Mwulize Baba Makena kama vipimo vitakuwepo."

Nyaga akaenda meza ya dirishani, akarudi. "Anasema vipo, Mama. Vipimajoto vinne, vipya kabisa."

"Siku zote?"

"Hilo hakusema. Nirudi nikamwulize?"

Muhuri ulikuwa mkononi. Nikamtazama Baba Makena ameinamisha kichwa, naye anajua ninamtazama. Kumtumia mkwe mtu mara moja ni kuuliza. Kumtumia mara ya pili ni kumwambia hujaamini alilosema. Ndivyo nilivyoona.

"Acha," nikamwambia Nyaga. Nikapiga muhuri.

Panya ndiye aliyetujibu. Alitafuna waya mmoja tu, ule uliounganisha vipimajoto vyote na kompyuta ya chumba. Orodha ikawa tupu, meza bila haragwe. Kipande hakikuwa na ahadi ya kutoa, kikatoa sifuri. Programu ikaona sifuri, ikadhani mbegu zinaganda, ikazima mtambo. Na ikaendelea kuuzima, siku baada ya siku, kwa uangalifu mkubwa, ili mbegu zisigande.

Mzee Mutwiri, mlinzi wa chumba, alikuwa akichungulia kila asubuhi kupitia kioo cha mlangoni. Nilipofika Kibirichia nilimkuta amekaa juu ya kreti tupu.

"Skrini ilisema sifuri, mama," akaniambia. "Nami nikavaa sweta ya pili."

"Hukusikia joto?"

"Nilisikia. Nilitoka jasho. Nikafikiri labda mimi ndiye mgonjwa."

Watu wengine walicheka waliposikia hivyo. Mimi sikuweza. Harufu ilikuwa imefika barabarani. Wanawake walikuwa wamejifunga leso puani, wanatoa kreti na kumwaga, maji meusi yakitiririka mpaka kwenye mtaro. Ruguru alinionyesha kiazi kimoja kilichoonekana kizima. Alipokibana kwa vidole kikapasuka, kikamwagika kama ute.

"Mama," akasema, "si hii ndiyo kazi yako? Si ulituambia hakuna kitu kinachotoka bila wewe kuuliza?"

Mume wake alikuwa amesimama karibu, upande wa nyuma wa chumba. Alisikia. Nilisikia kwamba amesikia. Mvua ilikuwa imeshaanza, mashamba yamelimwa, mifereji imechorwa, na hakuna cha kuweka ndani. Wengine walikata macho ya viazi vya kupika wakapanda hayo. Wengine waliacha shamba likaota majani, wakaenda kulima vibarua kwa wenzao. Ruguru alikuwa mmoja wao.

Ofisini kulikuwa na meneja mpya. Aliita mkutano, akauliza nani alikubali kipande kile. Baba Makena alitazama sakafu.

"Muhuri ni wangu," nikasema.

"Ulimwuliza mwombaji kuhusu orodha tupu?"

"Sikumwuliza."

"Kwa nini?"

Ningesema nini? Kwamba ni mume wa binti yangu? Meneja alikuwa mtu wa kwetu, angeelewa, na hapo lawama ingehama kutoka kwangu ikamwangukia Baba Makena, na kutoka kwake iingie nyumbani kwa Ruguru. Nikasema nilisahau. Mimi, ambaye sikuwahi kusahau kijiko.

Wakasema basi maktaba ya kadi haina maana. Kama ina masharti yote hayo, na bado mbegu zimeoza, ni ya nini? Kadi zilishushwa kwa ngazi ndani ya makatoni ya biskuti. Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika, kwa sababu ilikuwa uongo. Kadi ilisema. Iliandikwa pale, E inatazama nyuma, kubwa kama mlango. Aliyenyamaza ni mimi. Lakini mimi nikiwa nimesema nilisahau, hakuna aliyejua, na kazi yote ya Mwalimu Ireri ikalaumiwa kwa ajili ya adabu yangu.

Nilikwenda kumwona Mwalimu. Alikuwa amekonda, sauti imebaki kidogo.

"Maktaba inaendeleaje, Mama Ruguru?"

"Inaendelea, Mwalimu."

Alifariki akiamini hivyo.

Hayo ni ya zamani kidogo. Wakati huo Makena alikuwa darasa la nne. Sasa amemaliza chuo, anaandika programu kama baba yake, na Jumapili iliyopita baada ya ibada walikuja wote wawili kunitembelea hapa Karurumo. Baba Makena alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mimi upande wa jikoni, kama kawaida. Makena, anayeniita Cucu, yaani bibi, akafungua kompyuta yake mezani, kati ya vikombe.

"Cucu, unajua wamefufua kile chumba cha mbegu? Cha kule kwetu! Mimi ndiye ninaandika ya kukiendesha."

Nikauliza vipande amevitoa wapi.

"Ai, Cucu! Siku hizi hakuna kutafuta. Unaiambia tu mashine unataka nini, inakuletea. Ona. Hii ni ya wastani wa joto. Sekunde tu."

"Uliiambiaje?"

"Nilisema nataka wastani wa joto."

"Na sharti lake ni nini?"

"Sharti gani sasa? Inafanya kazi, Cucu. Nimeijaribu."

"Uliijaribu na vipimo vikiwepo. Na vikikosa?"

"Vitakosaje na vipo? Vimefungwa vipya kabisa."

Maneno yale yale. Nilimgeukia baba yake bila kufikiri, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu alipomwoa binti yangu. Nilitaka aseme. Mtoto ni wake, chumba anakijua, harufu anaijua. Aliinama, akasema anatoka kumwangalia mbuzi. Mbuzi alikuwa hajambo. Nikaelewa kwamba hajawahi kumwambia mtoto wake hata siku moja.

"Cucu, una nini?" Makena akauliza. "Umenyamaza."

Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa mdomoni. Lakini baba yake alikuwa pale nje ya mlango, akisikia, na nikanyamaza tena. Uzee haukunifundisha kitu.

Makena alipofunga kompyuta aliniambia kwa utani, "Kama una mambo mengi hivyo, si uyaandike nitasoma." Basi nimeandika, siku tatu, kwa kalamu inayoacha madoa. Ninyi wengine someni mkipenda. Sitarajii mtauliza. Mnapata vitu upesi kuliko tulivyovipata sisi, na mtu anayepata upesi haoni sababu ya kuuliza. Nimeomba Mungu juu ya jambo hili na sijasikia jibu.

Baba Makena, nisamehe kwa kukutaja. Kosa lilikuwa langu, na sasa kila mtu anajua kwamba lilikuwa lako pia.

Ile kadi niliitoa kwenye katoni siku walipozishusha. Nimempa Makena pamoja na nakala ya karatasi hizi, jana, mkononi, kituoni, na nikamwonyesha ile E kwa kidole. Ameziweka kwenye mkoba wake. Mbegu zinaanza kuingia chumbani Jumatatu. Ameniambia atasoma akishamaliza kazi.